Namna ya Kusoma Ushairi wa Waanglo-Saksoni kwa Sikio la Mswahili

Msomaji wa Dar es Salaam aliyekua akisikia tenzi zikighaniwa, iwe madrasa, redioni au darasani, anauingia ushairi wa Waanglo-Saksoni, yaani mababu wa Waingereza, akiwa na akiba kubwa kuliko anavyodhani. Amezoea shairi linalokusudiwa sikio kabla ya jicho, amezoea mtunzi anayemtaja Mungu kwa majina mengi kabla hajaigusa habari yenyewe, na amezoea kuona dini iliyofika kwa njia ya bahari ikikaa pamoja na desturi zilizoitangulia. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuitumia akiba hiyo, nami nashikilia jambo moja tangu mwanzo: ushairi huu hausomeki vyema kwa mtu anayejaribu kuutenganisha Ukristo wake na ushujaa wake, kwa sababu waliouandika waliviona vyote viwili kuwa mali yao.

Ulitungwa Uingereza kati ya karne ya 7 na karne ya 11, kwa Kiingereza cha Kale, lugha ambayo hata Mwingereza wa leo haielewi pasipo kufundishwa. Kilichosalia ni takriban mishororo 30,000, na sehemu kubwa imo katika miswada minne tu iliyonakiliwa karibu na mwaka 1000. Mmoja ni wa Exeter, ambao askofu Leofric, aliyefariki mwaka 1072, aliuachia kanisa lake kuu. Wa pili uko Vercelli, Italia. Wa tatu, Junius 11, umehifadhiwa Oxford katika maktaba ya Bodleian, na picha za kurasa zake zinapatikana kwenye intaneti. Wa nne ndio wenye Beowulf, utenzi mrefu wa shujaa wa jina hilo, nao uko London baada ya kunusurika moto wa mwaka 1731 uliounguza kingo zake. Ni vyema kuzitazama picha za kurasa hizo mapema, kwani utaona kwamba mwandishi hakupanga mishororo kama tunavyoipanga sisi: aliandika mfululizo kutoka ukingo hadi ukingo kama nathari, akiamini kwamba sikio la msomaji litajua mshororo unapoishia.

Kwa hiyo anza na matamshi, wala usione haya kusoma kwa sauti ya juu. Hapa Mswahili ana bahati. Herufi þ na ð hutamkwa th ya thamani mwanzoni na mwishoni mwa neno, na dh ya dhahabu zinapokuwa katikati ya irabu. Herufi sc kwa kawaida ni sh. Herufi c karibu na e au i mara nyingi ni ch, na f katikati ya irabu ni v. Herufi g katikati ya irabu kama a na o ni gh ya lugha, sauti inayowasumbua wanafunzi wengi wa Ulaya lakini mzee yeyote wa pwani huitamka bila kufikiri, na h mwishoni mwa silabi hukaribia kh ya Kheri. Herufi æ iko baina ya a na e, nayo y hupatikana ukisema i huku midomo ikiwa imeviringwa kama ya u. Kistari juu ya irabu huonyesha kwamba irabu ni ndefu. Wahariri wa siku hizi ndio wanaokiweka ili kutusaidia.

Baada ya matamshi, jifunze umbo la mshororo. Mshairi wa Kiswahili atakuta kitu anachokitambua mara moja, maana kila mshororo una ukwapi na utao, na kati yake kuna kituo. Kinachotofautiana ni kile kinachoviunganisha vipande hivyo viwili. Hakuna vina vya kati wala vya mwisho, na mizani haihesabiwi kwa silabi. Kila kipande kina mikazo miwili, hivyo mshororo mzima una minne, na silabi zisizo na mkazo zinaweza kuwa chache au nyingi. Mkazo wa tatu, yaani wa kwanza katika utao, ndio nguzo: sauti inayouanza lazima ilingane na sauti inayouanza mkazo wa kwanza au wa pili, au yote miwili. Mkazo wa nne kwa kawaida huachwa nje. Irabu yoyote hulingana na irabu nyingine yoyote, lakini sp, st na sc kila moja hulingana na mwenzake tu.

Kuna mtego hapa kwa mzungumzaji wa Kiswahili, na inafaa kuutaja wazi. Lugha yetu inarudia sauti za mwanzo kwa sababu ya upatanisho wa ngeli, kama tunaposema kwamba watoto wangu wawili wamewasili, na sikio letu limejifunza kutozijali sauti hizo, kwani ni sarufi tu na wala si pambo. Katika Kiingereza cha Kale mambo ni kinyume. Mkazo hukaa kwenye silabi ya kwanza ya mzizi wa nomino au kivumishi, wala haukai kwenye silabi ya pili kutoka mwisho kama kwetu, na viambishi vya mbele kama ge- havihesabiwi kabisa. Msomaji anapaswa basi kulifundisha sikio lake upya, na njia iliyotufaa sisi katika kikundi chetu cha usomaji cha Sinza ni ya kugonga meza: mtu mmoja husoma ukwapi na kugonga mara mbili, mwenzake hupokea utao na kugonga mara mbili, hadi shairi liishe. Vijana huishika mbinu hii upesi kuliko maelezo yoyote ya ubaoni.

Shairi la kuanzia ni utenzi mfupi wa Cædmon, wenye mishororo 9 tu. Habari zake tunazipata kwa Bede, mtawa wa Jarrow, katika historia ya kanisa la Waingereza aliyoikamilisha mwaka 731. Cædmon alikuwa mtumishi wa kuchunga mifugo katika monasteri ya Whitby, iliyoongozwa na mama mkuu Hild, aliyefariki mwaka 680. Kila kinubi kilipopitishwa karamuni ili kila mtu aimbe kwa zamu, yeye aliinuka na kuondoka, kwa sababu hakujua wimbo wowote. Usiku mmoja alilala zizini, akatokewa ndotoni na mtu aliyemwamuru aimbe habari za kuumbwa kwa vitu, naye akaimba mishororo ambayo hakuwahi kuisikia. Asubuhi alipelekwa kwa Hild, akajaribiwa mbele ya wasomi, kisha akapokelewa kuwa mtawa. Hivi ndivyo shairi linavyoanza:

Nū sculon herigean heofonrīces Weard,
Meotodes meahte ond his mōdgeþanc,
weorc Wuldorfæder, swā hē wundra gehwæs,
ēce Drihten, ōr onstealde.

Kwa Kiswahili chepesi: sasa yatupasa kumsifu Mlinzi wa ufalme wa mbinguni, uwezo wa Mwenye Kukadiri na fikra za moyo wake, kazi ya Baba wa Utukufu, jinsi Yeye, Bwana wa milele, alivyoweka mwanzo wa kila ajabu. Sasa rudi kwenye maneno yenyewe na uyagonge. Mshororo wa kwanza una h ya herigean ikijibiwa na h ya heofonrīces. Wa pili una m tatu, na katika mōdgeþanc mkazo uko kwenye mōd. Wa tatu una w tatu. Katika wa nne, ēce na ōr zinalingana ingawa moja ni e na nyingine ni o. Ukifika kwenye mshororo wa sita, heofon tō hrōfe, hālig Scyppend, yaani mbingu ziwe paa, Muumba mtakatifu, utasikia h tatu zikifuatana na mkazo wa nne ukiachwa peke yake, na hapo kanuni yote itakuwa imekuingia pasipo kuikariri.

Tazama pia jinsi Mungu anavyotajwa. Katika mishororo 9 ametajwa kama Mlinzi, Mwenye Kukadiri, Baba wa Utukufu, Bwana wa milele mara mbili, Muumba mtakatifu, Mlinzi wa wanadamu na Mola mwenye uwezo wote. Aliyesikia tenzi zikifunguliwa kwa Rabi, Mola, Jalali, Karima na Manani hatashangaa. Huu si urudiaji wa mtu aliyeishiwa maneno. Ni mwendo wa ibada na wakati huohuo ni ufundi, kwa sababu kila jina huleta sauti mpya ya kuanzia na kuuwezesha mshororo kusimama. Mtunzi hulizunguka jambo moja kwa majina mbalimbali badala ya kulisema mara moja na kusonga mbele. Usiyaruke majina hayo ukidhani unatafuta kiini, kwa maana kiini chenyewe kimo ndani yake.

Hapo ndipo pa kusimama kidogo na kujifunza historia ya dini, kwani mashairi yanayofuata hayaeleweki bila hiyo. Waanglo-Saksoni waliingia Uingereza wakiwa na miungu yao, na majina ya Tiw, Woden, Thunor na Frig yamo hadi leo katika majina ya Kiingereza ya siku za Jumanne, Jumatano, Alhamisi na Ijumaa. Mwaka 597 mtawa Augustine, aliyetumwa kutoka Roma na Papa Gregory, alifika Kent kwa mfalme Æthelberht, ambaye mkewe Bertha, binti wa Wafranki waliotawala Ufaransa ya leo, alikuwa tayari Mkristo. Upande wa kaskazini, Aidan alitoka katika monasteri ya Iona akaanzisha ya Lindisfarne mwaka 635. Kuongoka kwa falme mbalimbali kulichukua miongo mingi, na wafalme kadhaa walirudi nyuma kabla ya imani kutulia.

Barua aliyoiandika Gregory mwaka 601 ndiyo inayonisaidia zaidi ninapowaeleza wenzangu kilichotokea. Aliagiza kwamba mahekalu ya wapagani yasibomolewe, bali sanamu ziondolewe, kuta zinyunyizwe maji ya baraka, na wenyeji waliozoea kuchinja ng'ombe kwa ajili ya miungu yao waendelee kuchinja na kula karamu, lakini sasa kwa kumshukuru Mungu. Ushairi ulifuata njia hiyohiyo. Kinubi, mwendo wa mikazo minne, sifa za bwana na askari wake, vyote vilibaki, na ndani yake yakaingia mambo ya Mwanzo, ya Kutoka na ya Injili. Wako wasomi wa karne ya 19 waliojaribu kuuchuja Ukristo kutoka mashairi haya ili wapate upagani mtupu uliofichwa chini. Naona walipoteza muda, kwa kuwa mashairi tuliyo nayo yameandikwa na makasisi na watawa, na hakuna toleo jingine lililosalia kabla yao. Hata hivyo, usidhani mambo yalikuwa shwari. Mwaka 797 Alcuin, msomi wa York aliyetumikia katika baraza la Charlemagne, mfalme wa Wafranki, alimwandikia askofu mmoja akilalamika kwamba hadithi za mashujaa zilikuwa zikisikilizwa mezani pa watu wa dini, akauliza Ingeld, mmoja wa mashujaa hao, ana uhusiano gani na Kristo. Mgogoro huo ni wa kweli, na mashairi mengine yanauishi mgogoro huo waziwazi.

Upande wa pili wa msingi ni ukumbi wa bwana. Bwana huwapa askari wake pete, silaha na pombe ya asali, nao humpa uhai wao. Akiuawa, wanalipiza kisasi au wanafia palepale, na aliyenusurika bila bwana ni mtu asiye na kwao. Damu iliyomwagika ilikuwa na bei yake, fidia tunayoweza kuiita dia. Shairi la vita vya Maldon, vilivyopiganwa mwaka 991 huko Essex dhidi ya Waviking, linaonyesha kiapo hiki kikitekelezwa. Bwana wao Byrhtnoth ameanguka, wengine wamekimbia, na askari mzee Byrhtwold anasema kwamba nia na izidi kuwa ngumu, moyo uzidi kuwa mkali na ari izidi kukua, kadiri nguvu zetu zinavyopungua. Mwanzo na mwisho wa shairi hilo umepotea. Muswada wenyewe uliteketea katika moto uleule wa 1731, ila nakala ilikuwa imekwisha kuchukuliwa.

Ukiwa na misingi hiyo miwili mkononi, soma shairi linaloitwa The Wanderer katika Kiingereza cha leo, lenye mishororo 115. Ni maneno ya mtu aliyempoteza bwana wake na sasa anapiga makasia peke yake katika bahari ya baridi kali. Anaota kwamba amelaza kichwa na mikono juu ya magoti ya bwana wake kama zamani, kisha anaamka na kuona ndege wa baharini wakioga na theluji ikianguka. Kilele chake ni maswali: Hwær cwōm mearg? Hwær cwōm mago? Hwær cwōm māþþumgyfa? Farasi kaenda wapi? Kijana kaenda wapi? Yuko wapi mgawaji wa hazina? Msomaji wa Kiswahili atakumbuka papo hapo Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, anayeuonya moyo wake kwa kuuonyesha majumba ya Pate yaliyobaki matupu, popo wakining'inia mlimokuwa na matajiri. Yaweke mashairi haya mawili mezani siku moja. Hayajuani, lakini yote mawili yanatumia magofu kama hoja ya dini. Tofauti nayo ni ya kufikiriwa: Sayyid Abdalla anauhimiza moyo uiogope Jahanamu, ilhali mtunzi wa The Wanderer anafunga kwa kumwelekeza mtu kwa Baba aliye mbinguni, ambako uimara wetu wote umesimama.

Magofu anayoyataja mtunzi huyo ni kazi za kale za majitu, na wengi huyaelewa kuwa majengo ya mawe ya Warumi, ambao utawala wao Uingereza ulikoma mwanzoni mwa karne ya 5. Waanglo-Saksoni walijenga zaidi kwa mbao, hivyo kuta hizo ziliwastaajabisha. Katika muswada wa Exeter lipo shairi zima juu ya mji wa namna hiyo, The Ruin, lenye mapaa yaliyoanguka na mabafu ya maji ya moto, na wengi huona kwamba ni mji wa Bath. Ukurasa wake umetobolewa na kitu cha moto, kwa hiyo shairi la gofu nalo limekuwa gofu. Kama unaishi Dar es Salaam, lisomee kwenye magofu ya Kunduchi. Keti karibu na makaburi yenye nguzo, utazame mashimo ya mviringo ambamo bakuli na sahani za kauri kutoka China ziliwahi kupachikwa, kisha usome kwa sauti juu ya mikono iliyojenga na sasa imeshikwa na ardhi. Utaelewa kwa nini mtunzi anaanza na jiwe la ukuta na kumfikia mwanadamu baadaye.

Shairi la juu kuliko yote kwa dini, kwa maoni yangu, ni The Dream of the Rood, lenye mishororo 156, lililomo katika muswada wa Vercelli. Baadhi ya maneno yake yamechongwa kwa runi, yaani herufi za kale za kuchonga, kwenye msalaba wa mawe wa karne ya 8 ulioko Ruthwell, Scotland. Mwotaji anauona msalaba, nao unaanza kusema. Unaeleza jinsi ulivyokatwa msituni, na jinsi ulivyomwona Kristo akija kwa haraka, kijana shujaa anayejivua nguo na kuupanda kwa hiari yake. Hapo kanuni ya ukumbi inageuzwa juu chini. Msalaba ni askari wa Bwana, ungeweza kuwaangusha maadui wote, lakini umeamriwa usiiname. Utii wake ndio unaomuua Bwana wake. Askari aliyefundishwa maisha yake yote kwamba lazima amkinge bwana alisikia katika maneno hayo jambo la kutisha, na hivyo ndivyo mateso ya Kristo yalivyoelezwa kwa watu wa namna hiyo. Usomapo, angalia jinsi mishororo inavyorefuka msalaba unapoanza kubeba mzigo, kwa maana mtunzi ameongeza mikazo kwa makusudi.

Wasomaji wengi wa jiji letu hukaa Wakristo na Waislamu pamoja, na shairi hili linahitaji adabu ya mazungumzo. Ushauri wangu ni kwamba kikundi kianze kwa kuuliza shairi lilisema nini kwa watu wake, kabla ya mtu yeyote kuuliza kama anakubaliana nalo. Wakristo wamesoma Al-Inkishafi kwa faida kwa njia hiyohiyo.

Ukichoka na huzuni, nenda kwenye vitendawili vya Exeter, ambavyo ni zaidi ya 90. Ni virefu kuliko vyetu, na kitu chenyewe mara nyingi hujieleza: ngao, nanga, barafu, kitabu. Kimoja kinasema nondo alikula maneno, mwizi gizani akameza usemi wa mtu, wala mgeni huyo mwizi hakuongeza hekima kwa maneno aliyoyala. Muswada haukuandika majibu, na hakuna wa kumwambia nipe mji, kwa hiyo baadhi vinabishaniwa mpaka leo. Maombolezo ya wanawake, kama The Wife's Lament, nayo ni mafupi na yatakufaa kwa jioni moja. Kwa maneno magumu tumia kamusi ya Bosworth na Toller, inayopatikana bure kwenye intaneti. Ukijaribu kutafsiri, usilazimishe vina, kwa kuwa sentensi hizi hupenda kuishia kwenye kituo katikati ya mshororo na kuanza upya kwenye utao, na vina vya mwisho vitazikatakata.

Beowulf, yenye mishororo 3,182, iache hadi mwisho, na usiianze kwa kutafuta mazimwi. Soma kwanza mishororo 188 ya mwanzo, taratibu. Huko malenga katika ukumbi wa Heorot anaimba habari za kuumbwa kwa dunia, zimwi Grendel linatajwa kuwa wa kizazi cha Kaini, halafu Wadenmaki wenyewe, kwa kukata tamaa, wanatoa sadaka kwenye mahekalu ya sanamu, na mtunzi Mkristo anawasikitikia kwa kuwa hawakumjua Bwana. Ukiyashika hayo, mapambano na Grendel, na mama yake, na joka yatakuwa na uzito wake. Kisha nenda kwenye mshororo wa 2820, ambapo roho ya Beowulf, mfalme wa kipagani, inaondoka kuitafuta hukumu ya wenye haki, na usome hadi anapochomwa moto na kufukiwa pamoja na hazina kwa mila za wazee wake. Je, mtunzi anamwona ameokoka au amepotea? Kikundi kilichosoma kwa makini kitagawanyika, nacho kiachiwe muda wa kutosha, kila mmoja akisoma kwa sauti mishororo anayoitegemea kabla ya kutoa hoja yake.